Nyimbo tatu za bibi: nizipeleke jukwaani Marekani au nizifiche?

"Shikamoo Mwalimu. Mimi ni mzaliwa wa Pangani, nina miaka 31, na huu ni mwaka wangu wa tatu Atlanta, nasoma. Kikundi cha Wamarekani weusi kimenialika niingie katika onyesho lao. Linaanza kwa kumwaga maji sakafuni, na wao wanaita 'tambiko', kwa Kiswahili hikihiki. Halafu wanazunguka duara huku mmoja anagonga mpini wa ufagio kwenye mbao, wanaimba, na katikati ya nyimbo kila mtu anasimulia habari za ukoo wake. Wameniomba nilete 'ibada moja ya kwetu'. Bibi mzaa mama alikuwa kiti, akipandwa na pepo, na nyimbo tatu za ngoma yake nazijua tangu mdogo. Mume wangu anasema jambo lote ni shirki. Mama nikimwuliza asili ya bibi anajibu 'sisi watu wa Pangani, basi', halafu anabadilisha mazungumzo. Nataka kushiriki lakini naogopa. Hii ni ibada au ni mchezo? Nyimbo za bibi naruhusiwa kuziimba? Na kama wazee wangu hawakupelekwa Marekani, nina haki gani ya kusimama pale?"

Marahaba, mwanangu. Swali lako nimelisoma mara mbili. Mara ya kwanza nilidhani unaogopa onyesho. Mara ya pili nikaona hapana: ungekuwa unaogopa onyesho tu ungekataa, na yangekwisha. Kinachokukosesha usingizi ni zile nyimbo tatu. Unazijua, hakuna aliyekaa akakufundisha, na hujui ni mali ya nani. Hapo nitakaa muda mrefu. Lakini kwanza nikupunguzie hofu moja.

Neno "tambiko" lisikushtue kupita kiasi. Kwao liliingia kwa njia ya Kwanzaa, sikukuu iliyoanzishwa na Maulana Karenga huko California mwaka 1966, ambayo msamiati wake karibu wote aliuchota katika Kiswahili: umoja, kujichagulia, ujima, kikombe cha umoja, hadi "tamshi la tambiko" linalosomwa wakati wa kumwaga. Alikichagua Kiswahili kwa kuwa ni lugha ya Waafrika wa makabila mengi. Wahenga wa Wamarekani weusi wengi wao hawakukisema kabisa. Desturi yenyewe ya kumwaga imetoka upande wa pili wa bara, kwa Waakan na Wayoruba, ndiyo maana utasikia watu wakiitikia "ashe" baada ya kila jina. Hicho ni Kiyoruba. Umesikia neno la nyumbani likifanya kazi ya ugenini. Kwetu tambiko lina mzimu wake au kaburi lake, lina unga na kuku, lina ukoo unaojulikana na shida inayojulikana: mvua imekataa, mtoto haponi. Kwao ni kutaja majina ya watu ambao makaburi yao hayajulikani yalipo.

Je, ni ibada? Inategemea aliyeshika kikombe. Mmoja kwenye duara anamwaga kama wewe unavyosimama wimbo wa taifa ukipigwa. Mwenzake aliye pembeni, kama ni mfuasi wa Ifa, dini ya jadi ya Wayoruba, anamwaga kwa imani kamili. Kwa macho huwezi kuwatofautisha. Muulize kiongozi wa kikundi swali moja la adabu: mkimwaga, mnaongea na nani? Jibu lake litakufaa kuliko maoni yangu na ya mumeo tukiyachanganya pamoja.

Sasa duara na ule mpini wa ufagio. Wenyewe huita ring shout, na jina hilo limewapotosha wengi, kwa sababu neno la pili kwa Kiingereza cha kawaida ni kupiga ukelele. Hapa maana yake ni ule mwendo wa miguu. Wanafunzi wangu walikuwa wakisema "shauti" na mimi nitasema hivyohivyo. Ukishuka kutoka Atlanta hadi pwani ya Georgia, saa nne au tano kwa gari, utafika wilaya ya McIntosh. Huko kuna kijiji cha Bolden ambako watu hawajaiacha shauti tangu enzi za utumwa. Huifanya kanisani usiku wa tarehe 31 Desemba, kukesha kuupokea mwaka. Kwa Wamarekani weusi mkesha huo una uzito wake, kwa kuwa usiku kama huo mwaka 1862 watu walikaa macho wakisubiri tangazo la uhuru wa watumwa la kesho yake.

Inakwenda hivi. Mtu mmoja amekaa kitini, ameshika mpini wa ufagio wima, anagonga ncha yake kwenye sakafu ya mbao. Manju anatoa mstari. Nyuma yake waitikiaji wanaudaka kabla haujaisha, na makofi yao yanapishana na fimbo, hayaifuati. Ndipo wanawake wanaanza kuzunguka, kinyume cha mwendo wa saa, magoti yamelegea, mwili unashtuka kidogo kila hatua, nyayo zinaburura. Na kuna sheria moja ambayo ukiivunja wazee watakutoa duarani: mguu usikatize mbele ya mguu. Ukikatiza, umecheza dansi, na dansi kanisani ni dhambi.

Hebu tulia hapo kidogo. Swali lako la ibada au mchezo, watu wale walijiuliza tangu enzi hizo, na jibu lao wakaliweka kwenye kifundo cha mguu. Hawakuandika kitabu cha fikihi. Walikubaliana mguu upite wapi.

Fimbo nayo ina kisa. Mwaka 1739 watumwa waliasi karibu na mto Stono, South Carolina, wakaandamana huku ngoma zinalia. Mwaka uliofuata sheria ya koloni hilo ikapiga marufuku ngoma na pembe. Mdundo ukahamia penye nafasi: viganjani na sakafuni. Ndiyo maana nasema sakafu katika shauti ni ala. Ukiiweka shauti juu ya zulia umeinyamazisha. Kuhusu kwa nini duara lizunguke kinyume cha saa, wapo wataalamu wanaotaja Wakongo na imani yao ya jua linalozunguka kati ya walio hai na wafu, wapo wanaotaja watu wa Senegambia na Sierra Leone. Mimi naona lipo jibu la kawaida zaidi. Watu wa lugha sita wakitupwa shamba moja hawawezi kuanza kwa maneno. Wanaanza na kile ambacho karibu kila mmoja alikiona kwao, nacho ni watu kuzunguka pamoja.

Kwa kuwa wewe ni Mwislamu, nikuongezee jambo ambalo pengine mumeo atapenda kulisikia. Lorenzo Dow Turner, mwanaisimu mweusi wa Marekani aliyechapisha mwaka 1949 utafiti wake mkubwa juu ya lugha ya Wagullah, wazao wa watumwa wa pwani hiyo, alipendekeza kwamba jina la shauti halikutoka kwenye Kiingereza bali kwenye neno la Kiarabu la kuizunguka Kaaba. Ni pendekezo tu, usilitundikie imani yako. Lakini Waislamu walikuwepo, hilo halina shaka. Katika kisiwa cha Sapelo, wilaya ileile ya McIntosh, aliishi Bilali Muhammad, mtu wa Futa Jallon, aliyeacha hati ya kurasa 13 kwa maandishi ya Kiarabu. Katika miaka ya 1930 wajukuu wa mabinti zake, wakiwa wazee, walisimulia jinsi bibi zao walivyokuwa wakitengeneza vikate bapa vya mchele: mchele unalowekwa, unatwangwa kinuni, unatiwa asali, unafinyangwa kwa mkono. Vikate vinapangwa juu ya ungo, watoto wanasimama kuizunguka meza, bibi anasema "Amin" mara tatu, ndipo wanakula. Wenyewe waliviita "saraka". Sina haja ya kukutafsiria.

Wakati mwingine undugu tunauona pasipokuwepo, na hapa nitateta kidogo. Kila mwaka mwanafunzi mmoja huniuliza "kumbaya" ni Kiswahili cha wapi. Si Kiswahili. Ni "njoo hapa" kwa Kiingereza cha Wagullah, na mojawapo ya rekodi za mwanzo kabisa za wimbo huo ilifanywa mwaka 1926, karibu na mji wa Darien, wilaya hiyohiyo ya McIntosh. Wakati tunahangaika kutafuta Kiswahili kwenye "kumbaya", "saraka" ilikuwa imekaa pale juu ya ungo na hatukuiona.

Nirudi kwenye swali. Mwanzoni mwa miaka ya 1980 watu wa Bolden waliamua wenyewe kuipandisha shauti jukwaani. Wakaunda kundi, McIntosh County Shouters, wakazunguka matamasha, na mwaka 1993 wakapewa tuzo ya taifa ya sanaa za jadi. Jukwaani wanawake huvaa magauni marefu na vilemba vya kizamani na wanaeleza kila wimbo kabla ya kuuimba. Kanisani hawaelezi, maana hakuna asiyejua. Kitu kimoja, kazi mbili, na mpaka kati yake waliuweka wao. Hivyo ukiniuliza onyesho ulilotajiwa ni ibada au mchezo, nitakujibu kwamba ni onyesho lililotengenezwa kwa zana za ibada. Hilo si jibu la kukwepa. Maana yake ni kwamba kila zana ina mwenyewe, na lazima ujue umeazima kwa nani.

Ndiyo maana kwenye nyimbo za bibi nasita.

Nyimbo za ngoma ya pepo zina kazi tofauti na zile za harusini. Wewe umekulia Pangani, unajua: kila pepo ana mdundo wake, kitambaa chake, harufu yake chetezoni, na wimbo wake. Wimbo ni wito. Haukutungwa ili umfurahishe aliyekaa mkekani. Umetungwa ili ashuke mmoja, kwa jina lake, kwenye kichwa cha mmoja. Hata asiyeamini pepo hata chembe akubali jambo hili: mwili uliokua ukisikia mdundo fulani pamoja na ubani fulani, na ukaona kila mara kinachofuata, umejifunza. Ukisikia tena, unaitika kabla akili haijaulizwa.

Mimi hili nililijua kwa aibu. Nilipokuwa kijana tulitunga tamthilia, tukaona mdundo wa ngoma ya pepo utanogesha tukio la mwisho. Tukaukopa kama ulivyo, na chetezo juu yake, eti ukumbi unukie. Usiku wa pili mama mmoja mstari wa tatu akaanza kutikisika mabega. Tulidhani anafurahia. Akaanguka kati ya viti, sauti ikabadilika, watoto wake wakaanza kulia. Sisi jukwaani, waigizaji kumi na wawili na shahada zetu, hatukuwa na hata mmoja aliyejua la kufanya. Mpiga ngoma wetu, mzee ambaye hatukuwa tukimwuliza chochote zaidi ya saa ya mazoezi, ndiye aliyeibadilisha ngoma polepole, akaichukua pembeni, akaiteremsha hadi ikanyamaza. Mama akaletewa maji. Baadaye mzee akaniambia, "Umempigia hodi mtu usiyemjua, halafu alipofungua ukakimbia." Tulilitoa tukio lile kesho yake.

Kwa hiyo ushauri wangu, na najua si mtamu: hizo nyimbo tatu usiziimbe pale. Siogopi kwamba Atlanta nzima itapandwa. Ninazo sababu mbili. Kwanza, hazikuwa za bibi peke yake. Kiti ana fundi wake, kilinge chake, wenzake waliochezewa naye. Na pwani kwetu watu wanaamini pepo hurithiwa ukooni. Ukisimama ukaimba, kwa Wamarekani umeleta sanaa, lakini kwa watu wa kwenu umetangaza kwamba kiti kimepata mrithi. Onyesho litarekodiwa, na kabla hujaamka video iko kwenye simu ya shangazi yako. Je, uko tayari kwa maswali hayo, na mama yako je? Pili, wewe mwenyewe ulizisikia ukiwa mtoto, karibu na ubani na karibu na mwili wa bibi unaobadilika. Hujui zitakufanya nini ukizitoa kwa sauti kubwa, umechoka, mbali na nyumbani, mbele ya watu mia mbili.

Wapo wenzangu hawatakubaliana nami. Watasema ngoma za pepo zimeshapigwa majukwaani kote pwani, na usipoziimba zitakufa. Hoja ya kufa ina uzito, na nitaijibu kwa kisa kingine cha wilaya ileile. Wilaya hii ndogo ina maajabu.

Kijiji cha Harris Neck, mwanzoni mwa miaka ya 1930. Turner, yuleyule mwanaisimu, alimrekodi mwanamke aitwaye Amelia Dawley akiimba wimbo mfupi ambao familia ilikuwa imeurithi mama kwa binti, bila kujua maneno yake yana maana gani. Watoto waliuchezea. Kumbe ulikuwa Kimende, lugha ya Sierra Leone. Miaka mingi baadaye watafiti waliupeleka huko, kijiji kwa kijiji, hadi Senehun Ngola, ambako mwanamke mmoja, Bendu Jabati, aliutambua: alifundishwa na bibi yake, na ulikuwa wimbo wa mazishi, wa kuwaita watu wakusanyike, kaburi bado halijakamilika. Mwaka 1997 Mary Moran, bintiye Amelia, alikwenda huko akakutana naye. Wimbo ambao mwimbaji haelewi hata neno moja ulikuwa umebeba anwani.

Sasa fikiria nyimbo za bibi yako. Una hakika zote ni Kiswahili? Nyimbo za pepo za pwani zimejaa maneno ya bara ambayo waimbaji wenyewe hawayajui tena: Kiyao, Kinyamwezi, Kizigua, Kinyasa. Kama mama anasema "watu wa Pangani, basi", inawezekana kabisa bibi aliimba kile ambacho familia haikutaka kukisema. Kaa peke yako chumbani, mchana kweupe, zirekodi kwa simu, polepole, kila silabi kama unavyoikumbuka hata kama haina maana. Andika tarehe na mahali. Usizipeleke mtandaoni. Umefanya kama Turner, na hakuna kitakachokufa. Siku utakapompata mzee wa kukusikiliza, utakuwa na cha kumsikilizisha.

Kuhusu mama, nenda taratibu kuliko unavyotaka. Pangani ilikuwa bandari ya misafara na ilikuwa na mashamba ya miwa yaliyolimwa na watumwa. Soko la watumwa la Unguja lilifungwa mwaka 1873, lakini utumwa wenyewe Unguja na Pemba ulifutwa kisheria 1897, na Tanganyika, sikiliza hapa, mwaka 1922. Huo ni umri wa mama wa bibi yako, si wa hadithi za kale. Wengi waliotoka katika hali hiyo walijenga upya maisha kwa kunyamaza: walichukua kabila jipya, wakavaa nguo nyingine, wakawa "watu wa hapa". Siti binti Saad, mzaliwa wa Fumba, mtoto wa wazazi wa bara waliowahi kuwa katika utumwa, alikuwa tayari nyota wa taarabu na sauti yake imo kwenye sahani za santuri tangu 1928, lakini wenye wivu walimwimbia wimbo wa kumkumbusha kwamba aliingia mjini na kaniki. Kitambaa tu, kaniki, vazi la watumwa, lakini kila aliyesikia alijua kinamaanisha nini. Ukimwuliza mama "tulikuwa watumwa?" unamvisha kaniki mbele ya watu. Usimwulize hivyo. Mwulize bibi akitwanga aliimba nini. Alipokuwa na hasira alitukana kwa lugha gani? Nani walikuja msibani kwake wakakaa siku zote saba? Nani alimpa jina? Yawezekana mama hajui, na "basi" lake ni la mtu aliyepewa "basi" na yeye. Na yawezekana utakachopata si utumwa. Usiamue kabla ya kusikia.

Haki ya kusimama pale? Hili nitalipita haraka, kwa sababu naona umeliwekea uzito usiolistahili. Ni kweli, waliopelekwa Georgia walitoka zaidi magharibi na katikati ya Afrika, sehemu za Senegambia, Sierra Leone, Kongo na Angola. Wa pwani yetu walibaki kwenye mikarafuu ya Unguja na Pemba, walipelekwa Omani na Ghuba, visiwa vya Bahari ya Hindi, na wengine Brazili. Usisimame ukasema "babu zangu walivushwa Atlantiki". Huo ni uongo na wenzako watastahili kuudhika. Sema ulikotoka. Hawakukualika kwa kudhani wewe ni binamu yao wa McIntosh. Wamekualika kwa kuwa wewe unatoka kwenye pwani nyingine, na sidhani wameisikia hadithi ya pwani hiyo mara nyingi.

Tena pwani hiyo nayo ina duara lake. Omani na nchi za Ghuba kuna ngoma iitwayo leiwa: zumari, msondo, watu wanazunguka wapigaji, na ndani ya nyimbo maneno ya Kiswahili ambayo waimbaji wengine hawayaelewi tena. Ukitaka kuwapa wenzako kitu cha kufikiri, wasimulie hilo.

Basi ulete nini? Ukikataa kabisa, hakuna atakayekulaumu. Lakini nahofu miaka kumi ijayo utajilaumu mwenyewe. Ukichukua mdundo wa pepo bila maneno, kama sisi tulivyojidanganya, umebeba kilekile kwenye mfuko mwingine. Mimi ningeleta kinu.

Sitanii. Rudi kwenye ule ungo wa Sapelo: mchele umetwangwa. Pwani ya Georgia na South Carolina ilikuwa nchi ya mpunga, na kinu, mchi na ungo vipo huko hadi leo, kwenye majumba ya makumbusho na kwenye nyumba za watu. Wewe umetwanga, najua umetwanga. Wanawake wawili kinu kimoja, michi inapishana, na mmoja anaachia mchi hewani apige kofi kabla haujashuka. Hilo kofi linaingia palepale linapoingia kofi la waitikiaji wa shauti. Kaa na mgonga fimbo wao mazoezini, yeye na mpini, wewe na mchi, msiongee, mtafutane tu. Juu ya mdundo huo fungua kama tunavyofungua kwetu: "Paukwa!" Wafundishe hadhira "Pakawa!", dakika moja inatosha. Halafu simulia yale unayoyajua kweli: bibi ana nyimbo, mama anasema "basi". Nyimbo zenyewe usiziimbe. Waambie zipo tatu, unazijua, na leo hutaziimba. Ukumbi utanyamaza, niamini. Nimekaa katika kazi hii muda wa kutosha kujua kisichoimbwa kinasikika namna gani.

Wakati wa kumwaga maji, kama umeamua hutamwaga, simama. Zamu yako ikifika taja jina la bibi, useme "Mwenyezi Mungu amrehemu". Wao wataitikia "ashe". Kiongozi aambiwe mapema. Hakuna anayependa kushtukizwa jukwaani, hata mimi sikupenda.

Yapo ambayo siwezi kukumalizia kutoka huku. La dini mpelekee shehe unayemwamini, ana kwa ana, wewe na mumeo pamoja, na usimwulize "sanaa ni haramu?" maana atakujibu kwa ujumla. Mwulize: naweza kushiriki onyesho ambamo wenzangu wanamwaga maji wakitaja wafu, mimi simwagi, namwombea wangu rehema? Akikataa, umepata jibu lililokamilika, na hutabaki na kinyongo na mumeo. Ikiwa kwenye mazoezi mwili unaanza kutikisika usivyotaka, au unapotewa na muda, au usiku unaota bibi anakudai kitu na usingizi unakimbia, acha mazoezi siku hiyohiyo. Mpigie mtu mzima wa kwenu anayejua mambo hayo, na huko uliko nenda kwa mshauri wa wanafunzi chuoni. Hakuna ubaya kufanya yote mawili, na mmoja hahitaji kuambiwa habari za mwingine. Na kama uko kwa viza ya uanafunzi, kabla hujapokea hata dola moja ya onyesho uliza ofisi ya wanafunzi wa kigeni. Nimeona watu wakipata taabu kubwa kwa bahasha ndogo.

Kinu usikitoe Tanzania, kizito na forodhani watakusumbua kwa mti. Uliza kwa Wakongo au kwa watu wa Afrika Magharibi walioko Atlanta, hakikosekani. Mchi uwe wa mti mzito, na kinu kiwekwe moja kwa moja juu ya mbao. Wenye ukumbi watataka kukutandikia zulia chini yake, kwa ajili ya kelele. Kataa.